Mguu wa Kilimanjaro Unaanzia Wapi?

Ukisoma vibao vya hosteli na vipeperushi vya kampuni zinazopandisha wageni Moshi, kuna msemo wa Kiingereza utakaokuchosha mapema: "at the foot of Kilimanjaro". Hoteli ya mjini iko mguuni pa mlima. Ya Marangu, mguuni pa mlima. Ya Machame hali kadhalika, na hata nyumba za wageni za upande wa KIA, yaani uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, kwenye tambarare ya Hai, nazo zinadai mguu uleule. Mlima gani huu wenye mguu mpana hivyo?

Kwa wenye lugha yao, mguu wa mlima ni pale tambarare inapoishia na mwinuko unapoanza. Kwa maana hiyo Moshi mjini hauna mpinzani. Mji uko kati ya mita 700 na 950 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Na uko hapo kwa sababu za reli: njia ya garimoshi kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 iliishia bondeni, shughuli zikaifuata huko, na Old Moshi, yaani Moshi ya zamani, ikabaki juu ilikokuwa.

Marangu ni habari nyingine kabisa. Kufika Marangu Mtoni tu umeshapita mita 1,300, na geti la hifadhi liko juu ya mita 1,800. Aliyezaliwa kwenye kihamba cha huko, yaani shamba la ukoo lililozunguka nyumba, kati ya migombe, kahawa na mifereji, amezaliwa mlimani. Chini kwake ni kule kwenye shamba la mahindi, kule ambako kina mama walikuwa wakishuka kutafuta majani ya ng'ombe. Desemba ikifika, Wachaga walioko Dar es Salaam wanapanda mlimani kula Krismasi (kuhesabiwa, kama watani wao wanavyosema). Sijasikia hata mmoja akiaga kwamba anakwenda mguuni.

Sasa kwa nini hoteli ya Marangu ijiandike hivyo? Nadhani ni kwa sababu anayeandikiwa ni mgeni, na kwa mgeni mlima unaanzia getini, pale anapojiandikisha na kukabidhiwa kwa waongozaji. Yote yaliyo chini ya geti, pamoja na vijiji, makanisa na masoko, yanageuka sebule ya kusubiria safari. Hilo ndilo linalonikera. Msemo unawashusha watu kutoka mlimani mwao bila wao kuhama, na wanaouandika mara nyingi ni watoto wa hukohuko.

Wanaoutetea nao wana hoja, na si nyepesi. Mtu anayetafuta malazi akiwa Ulaya hajui Kibosho wala Uru. Anajua Kilimanjaro, basi. Umwambie uko kwenye miteremko ya kusini-mashariki, atadhani ni lazima apande ndipo alale. Isitoshe, kuna jirani. Loitokitok, Kenya, nayo iko mguuni pa mlima huohuo kwa upande wa kaskazini, na picha za tembo wa Amboseli na Kilimanjaro nyuma yao zimeshawafanya wageni wengi waamini mlima uko Kenya. Wafanyabiashara wa Moshi wanasema wakiuacha msemo huo, wenzao hawatauacha. Kweli kabisa, ila msemo wenyewe hautaji nchi, kwa hiyo unamtangaza jirani sawasawa na unavyomtangaza mwenyeji.

Tena si wote wanaouandika sawasawa. Wapo wanaofuata "chini ya mlima" yetu wakaandika "under Mount Kilimanjaro", na msomaji wa Kiingereza akaona pango au handaki. Wengine huongeza mguu wa pili, "at the feet of", ambayo humpeleka msomaji kwa mwanafunzi aliyeketi miguuni pa mwalimu wake.

Usidhani namba za mita zinatosha kuamua. Arusha iko mita 1,400 hivi, juu kuliko Marangu Mtoni kidogo, na bado hakuna kosa kusema iko mguuni pa Meru, kwa sababu ardhi yake yenyewe imeinuka na Meru unaanzia hapo kwenda mita 4,566. Kinachoamua ni umbo la ardhi na mahali wakazi wanapohesabu kuwa wameanza kupanda. Wakazi hao hawaulizwi kabisa na waandishi wa vipeperushi, wakati konda wa Hiace ya Marangu angewajibu bure.

Mimi ningewaachia Moshi mjini msemo wao, waongeze tu neno Tanzania. Marangu, Machame, Kibosho na Rombo ya juu waandike "on the slopes of Kilimanjaro", na kwa Kiswahili waseme mlimani, kama wanavyosema nyumbani. Hoteli za KIA ziandike umbali wa uwanja wa ndege, maana mgeni anayelala huko anawaza ndege ya asubuhi.