Gurudumu linaloning'inia halivuti

Msimu wa mvua uliopita, kwenye njia ya shamba juu ya Isyonje, niliikuta Hilux imekwama mahali pasipo na tope la kutisha. Tairi la mbele kulia lilikuwa limeingia kwenye korongo lililochimbwa na maji, la nyuma kushoto liko hewani. Nilipitisha kiganja kati ya tairi hilo na udongo, kikapita bila kugusa. Foo wili imefungwa, dereva anakanyaga mafuta, hayo mawili yanazunguka kama pangaboi na mengine mawili, yaliyokalia ardhi ngumu, yametulia tuli. Gari lilikuwa tupu. Viazi vilishashushwa.

Kisa kama hicho kikifika kijiweni Mbeya, watu hugawanyika palepale. Wakereketwa wa mkonga, yaani Land Cruiser pickup, watakwambia tatizo ni ekseli ya mbele: Hilux zote za foo wili kuanzia Vigo ya 2004 zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, wakati mkonga bado una ekseli nzima mbele na nyuma. Upande wa pili wanacheka. Funga difu loki, wanasema, magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, halafu moja lining'inie linavyotaka.

Wa mkonga wana hoja. Ekseli nzima ni kama mzega: upande mmoja ukisukumwa juu na jiwe, ule mwingine unakandamizwa chini. Magurudumu yanayojitegemea hayana msaada huo, na stabilaiza inayoyaunganisha huyavuta yaende pamoja wakati wewe unataka yaachane. Tangu 1999 Land Cruiser hiyo ina koili mbele badala ya springi za vyuma bapa, kwa hiyo mbele inanyumbuka kuliko ile ya zamani. Wapenzi wa mambo haya Marekani wana hata kipimo chake. Gari hupandisha gurudumu moja la mbele kwenye ngazi ya mteremko wa nyuzi 20 mpaka jingine lianze kuachia ardhi. Umbali uliopandwa hugawanywa kwa urefu wa kati ya ekseli mbili, kisha huzidishwa kwa 1,000. Hilux ya milango minne ina milimita 3,085 kati ya ekseli. Ikipata 500, imepanda mita moja na nusu hivi na gurudumu limeinuka nusu mita. Kipimo kizuri, ila hakina lumbesa ndani yake.

Na wa mkonga wanasahau jambo moja: kugusa ardhi si kushika ardhi. Gurudumu lililoshuka hadi mwisho wa springi limebaki na uzito kidogo mno juu yake. Kwenye picha linapendeza, kwenye utelezi halina kazi. Hapo ndipo wa difu loki wanapopata nguvu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili, lakini kiasi cha kugawa hupangwa na lile lenye mshiko mdogo. La hewani halihitaji nguvu yoyote ili lizunguke, basi na la chini linapata hicho hicho kidogo. Ukifunga, yote mawili yanazunguka kwa mwendo mmoja na lenye ardhi ndilo linalovuta. Madereva wasio na loki wana ujanja wao: kuvuta hendibreki kidogo huku wakikanyaga mafuta taratibu. Gurudumu linalozunguka bure linapata kizuizi, na mwenzake anaamka. Magari mapya hufanya jambo hilohilo kwa kompyuta na breki.

Lakini loki nayo ina ubaya wake, na watu wa Rungwe na Makete wanaujua kwa mitaro waliyoingia. Barabara ya udongo mwekundu iliyoinama upande mmoja, mvua imenyesha, umefunga nyuma: magurudumu yote mawili yanateleza kwa pamoja, na mkia wa gari unashuka kuelekea mtaroni bila haraka, kama mtu anayeondoka msibani. Bila loki, moja likizunguka, mara nyingi jingine hubaki limeishikilia gari pale. Kwenye tope tambarare, hayo yote hayakusaidii sana. Kinachosaidia ni kashata za tairi na upepo uliopunguzwa.

Mimi naona pande zote mbili zinabishania gari lililotoka kiwandani, wakati magari yetu hayako hivyo tena. Ile Hilux ya Isyonje niliinama nikahesabu: vyuma tisa vya springi kila upande, vingine vimeongezwa gereji ili ibebe magunia. Magunia kumi ya lumbesa yanapita tani moja, nayo Hilux nyingi zimetengenezwa kubeba tani moja hivi. Ikishashusha, ekseli ya nyuma inakuwa gogo. Hainyumbuki hata kidogo, na korongo la kina cha goti linatosha kuinua tairi. Tulichofanya ni kuwapandisha vijana wanne wasimame kwenye kona ya nyuma kushoto. Tairi likashuka, gari likatoka. Hatukugusa loki wala ekseli ya mbele.

Sisemi basi kila mtu alainishe springi na kung'oa stabilaiza. Anayeshuka Kitonga na mzigo, malori mbele na nyuma, anaihitaji stabilaiza hiyo kuliko anavyohitaji kupanda magogo. Gari lililoinuliwa na kulainishwa linayumba kwenye kona. Kwa anayeishi lami siku sita na shamba siku moja, loki ya nyuma na matairi mazuri vinamtosha. Kwa anayepanda kila siku zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba, kisha akaacha barabara kuingia mashambani, ningeanza na springi.

Ya kwangu nilianza nayo. Fundi mmoja wa Uyole alitoa vyuma viwili kila upande, akainua ekseli ya nyuma kwa jeki upande mmoja. Kabla ya hapo tairi la pili lilikuwa linaachia sakafu mapema; sasa likakaa. Nikamuuliza, na viazi je?

"Viazi si vina Fuso?"

Sikumjibu. Nilikuwa na oda ya magunia kumi Ijumaa.