Mshirika wa Malindi

Jumapili nilimpeleka mpwa wangu kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Mnara mweupe uliochongoka, juu msalaba wa jiwe lililotoka Ureno, chini mawimbi yanagonga miamba. Mtoto akauzunguka mara mbili, akauliza: "Mjomba, huyu alikuwa mtu wa hapa?" Simlaumu. Jina hilo analisikia tangu azaliwe, na la mfalme aliyempokea mgeni huyo hajalisikia hata siku moja.

Habari yenyewe tunaijua. Aprili 1498 Mreno huyo alitoka Mombasa mambo yamemharibikia, akatia nanga kwetu Malindi, akakirimiwa. Wasimulizi wetu husifu ukarimu. Mimi naona hesabu. Malindi na Mombasa zilikuwa zikigombea biashara, na wageni hawa walikuja na mizinga. Mombasa ilichomwa 1505, ikapigwa tena 1528, na mara hii ya pili watu wa Malindi walikuwamo vitani upande wa Mreno.

Kinachonikera zaidi ni majina. Waislamu wote wa pwani hii Wareno waliwaita "mouros", jina walilokuja nalo kutoka vita vyao vya Hispania na Moroko. Wa Pate, wa Kilwa, wa Mombasa, hata wa Malindi waliyekula naye: mouro. Wahindi waliowakuta bandarini kwetu wakawadhania Wakristo! Na yule rubani aliyewavusha hadi Calicut, India, wamemwandika Malemo Cana. "Malemo" ni malimu, mjuzi wa nyota na njia za bahari. Hicho ni cheo. Ni sawa na kumwandikia seremala kitambulisho, mahali pa jina ukaweka "Fundi". (Wako wanaosema alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu; wanahistoria wengi hawakubali.)

Nasi hatuna usafi wa kujivunia. Jirani zetu tuliwaita Wanyika, watu wa porini, mpaka miaka ya 1940 wenyewe waliposimamisha jina la Mijikenda. Waaweer wa Lamu bado wengi wetu tunawaita Waboni.

Rudi kwenye urafiki. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, wakamhamishia mshirika wao wa Malindi kule Mombasa akatawale chini ya kivuli cha ngome. Mji uliowafungulia mlango ukaachwa ufifie. Hasan, wa ukoo wa mshirika huyo, akagombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko. Mwanawe Yusuf alilelewa Goa, koloni la Wareno kule India, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme mwenye jina la Kireno. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, kapteni akauawa, na Dom Jerónimo akatangaza kuwa yeye ni Yusuf bin Hasan, Mwislamu. Wareno waliirudia ngome mwaka uliofuata, lakini jina lake hawakumvua tena.

Huyo ndiye ninayemfikiria kila nikisoma neno "mshirika" kwenye mikataba ya kijeshi. Neno "himaya" nalo ni lile lile. Mwaka 1885 Wajerumani waliuita Witu, mji wa kisultani karibu na Lamu, himaya yao. Julai 1890 wakaukabidhi kwa Waingereza kwa mkataba uliotiwa saini Berlin, ambao pia uliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Wenye Witu hawakuulizwa, na kabla mwaka haujaisha mji wao ulikuwa umeshapigwa na jeshi la Mwingereza. Ukihamiwa hivyo, adui wa nini tena?

Sitaki nguzo ibomolewe. Ni yetu kwa sasa, watalii wanakuja, vijana wanauza madafu. Nataka anayeieleza asiishie 1498.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa ameshaanza kukimbiza kaa. Tulipopanda tuktuk ndipo nilipomjibu: huyo ni mgeni tu. "Na wa hapa ni nani?" Nikaanza na Yusuf. Tulifika nyumbani bado yuko Goa.