Usivute Linux kushoto kama laptopu haina betri

Binamu yangu anakaa Kahawa West, yuko mwaka wa nne chuoni, na laptopu yake ni ile ya mtumba yenye SSD ya 256GB, Windows upande mmoja na Ubuntu, aina moja ya Linux, upande ule mwingine, kila moja kwa patisheni yake, yaani kipande chake cha diski. Wakati wa kuweka Ubuntu aliipatia 30GB tu, sasa ikajaa mpaka apdeti zikaanza kukataa. Akaingia Windows akapunguza C kwa 60GB, na hapo hakukosea. Shida ni kwamba hiyo nafasi ilibaki kushoto kwa Ubuntu, na kila mtu aliyemuuliza alimwambia washa GParted, programu ya kupanga patisheni, kwa flashi, alafu vuta tu mwanzo wa Ubuntu uje kushoto. Akavuta. Betri ilikufa kitambo, laptopu inategemea chaja, na saa nne usiku stima ikapotea mtaa mzima.

Hiyo "vuta tu" inaniuma sana juu inaficha kazi yote iliyo ndani. Patisheni ukiiongeza kwa upande wa kulia, mwanzo wake hausongi, kinachobadilika ni jedwali la patisheni na hesabu za mfumo wa faili, dakika chache umemaliza. Lakini ukiivuta kushoto mwanzo wenyewe unahama, kwa hivyo lazima data yote inakiliwe kipande kwa kipande mpaka mahali papya, inaweza kuchukua masaa, na ikikatika nusu iko huku nusu iko kule, na Ubuntu haiwezi kuisoma ikiwa hivyo. GParted yenyewe hukuonya kabla ya kusogeza mwanzo, ila mtu akishaambiwa ni kuvuta tu, anabonyeza na kuendelea.

Mimi nasema acha Ubuntu mahali iko. Kwa ile nafasi tupu tengeneza patisheni mpya ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux), nakili /home yako huko, yaani folda yenye faili zako, andika UUID yake (namba ya kuitambulisha hiyo patisheni) kwa /etc/fstab, faili inayoambia Linux patisheni gani ikae wapi, washa mashine upya uhakikishe kila kitu kimefika, ndio ufute ya zamani. Stima ikipotea ukiwa unanakili, faili zako za asili bado ziko palepale, unaanza tena. Najua kuna wenye watasema huko ni kuzunguka na mfumo wenyewe utabaki na 30GB zake, na kweli kama ni Docker, programu ya wadevelopa inayoweka vitu vyake nje ya /home, imekujaza hiyo ni stori ingine, lakini kwa mwanafunzi kinachojaza kwa kawaida ni video na kazi zake, na hizo zinakaa /home.

C nayo ipunguze kwa Disk Management ya Windows yenyewe. Saa zingine utaona una 110GB tupu na inakukubalia 15 pekee, hiyo ni juu kuna faili hazihamishiki zimekaa katikati, kama hiberfil.sys (ya kulaza Windows) na pagefile.sys (ya kusaidia RAM). Andika powercfg /h off ukiwa kama admini, ile ya kwanza itafutika, na pia Windows itaacha ile tabia ya kujifanya imezima na kumbe imelala tu huku imeshikilia diski, kitu ambacho hufanya Linux ikatae kuiandikia. Na angalia BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski! Wengi hawajui hata imewashwa. Andika ile namba yake ya kufungulia, ya tarakimu 48, kwa karatasi kabla hujagusa chochote.

Bakapu ingemwokoa, flashi ya 32GB ingetosha kabisa kwa kazi zake za shule.

Jumamosi yote tulikaa na PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizopotea. Ilitoa mamia ya faili lakini majina yote yameenda, unapata f0482176.docx, f0482640.docx, hujui ni projekti ama ni barua ya kuomba atachi. Anazifungua moja moja usiku akitoka darasani. Mpaka jana alikuwa amepata sura ya kwanza na ya tatu, ya pili bado anaitafuta.