Amri ya write kwenye seva ya darasa: iachwe wazi au ifungwe?

Darasa zima la kompyuta hapa Dodoma likiingia kwa SSH (njia ya kutumia kompyuta nyingine kupitia mtandao) kwenye seva moja ya Linux, msimamizi ana uamuzi wa kufanya mapema: wanafunzi waruhusiwe kuandikiana moja kwa moja kwenye skrini, au wazuiwe?

Amri yenyewe ni kongwe. write ilikuwamo kwenye Unix, mfumo uliotangulia Linux, tangu toleo la kwanza, mwaka 1971. Unataja jina la mwenzako, unaandika, unamaliza kwa Ctrl-D. Kila mstari unamtokea papo hapo. wall hufanya hivyo kwa wote walioingia.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Haili bando, mtandao wa ndani unatosha. Tena ujumbe unamkuta mtu pale macho yake yalipo. Umeme ukikatika na seva ikahamia kwenye betri, walio kwenye laptop wanahitaji kuambiwa sasa hivi wahifadhi kazi. Kundi la WhatsApp halifai kwa hilo, kwa sababu wakati wa kipindi simu nyingi ziko kwenye mikoba.

Upande wa pili, ujumbe hauombi hodi. Unaangukia katikati ya msimbo uliofunguliwa kwenye vim, programu ya kuandikia msimbo. Faili halijaguswa, na Ctrl-L inasafisha skrini, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajuaje?

Linalonitia wasiwasi zaidi ni usalama. Mwaka 2024 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina WallEscape, ambayo ilikuwa imekaa ndani ya wall tangu 2013. Ujumbe ulioandikwa pamoja na amri haukuchujwa alama zinazoiamuru skrini, hivyo mtumiaji wa kawaida aliweza kufuta skrini ya mwenzake na kumchorea ombi bandia la nywila. Akiijaza, kumbe ameiandika kama amri. Ubuntu 22.04 (aina mojawapo ya Linux) ikihangaika kuitafuta amri hiyo isiyokuwepo, nywila huonekana kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa, na orodha hiyo husomwa na kila mtu. CentOS, aina nyingine ya Linux, ilisalimika kwa kuwa wall yake haikupewa mamlaka ya kundi la tty, yaani ruhusa ya kuandika kwenye terminali za wengine. Marekebisho yalikuja na toleo la 2.40 la util-linux, kifurushi chenye wall.

Kwa hiyo naegemea kufunga: mesg n, amri inayozuia wengine kukuandikia, iwekwe kwenye /etc/profile (faili linalosomwa kila mtu anapoingia), na wall ivuliwe mamlaka hayo. Tangazo la msimamizi litapita tu, maana root, akaunti ya msimamizi, haizuiliwi na mesg. Anayetaka kuandikiwa ajifungulie kwa mesg y.

Kuifuta write kabisa, hapana. Mwambie mwanafunzi aendeshe ls -l $(tty) kabla na baada ya mesg n. Ataona crw--w---- ikigeuka crw-------, herufi moja tu imeondoka, ile w ya kundi kuandika, na hapo ataelewa kwamba terminali yake ni faili lenye ruhusa kama mafaili mengine.