Nasaba ya wanahisabati: nani alisaini, nani alifundisha

Harry Coonce, mwanahisabati wa Marekani, alitaka kumjua mtu aliyemsimamia msimamizi wake mwenyewe. Swali hilo lilimfanya aanze kukusanya majina ya wanahisabati na wasimamizi wao katika miaka ya 1990, katika hazina iitwayo Mathematics Genealogy Project. Leo hazina hiyo inatunzwa North Dakota State University na ina majina zaidi ya 300,000, kila moja likiunganishwa na msimamizi wa tasnifu ya uzamivu na wanafunzi waliofuata.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ni ya kujitafutia ukubwa. Hoja yao ina uzito. Msimamizi mmoja huzaa wanafunzi kumi, nao huzaa mamia, hivyo baada ya vizazi saba au vinane kujiita kitukuu wa Gauss, mwanahisabati mashuhuri wa Ujerumani, ni jambo la kawaida kabisa. Na Gauss mwenyewe? Anaandikwa chini ya Johann Friedrich Pfaff wa Helmstedt, chuo kilichompa shahada mwaka 1799 bila hata kumwita kwenye mtihani wa mdomo. Masomo yake alikuwa ameyafanya Göttingen.

Ramanujan, karani wa India aliyekuja kuwa mwanahisabati mashuhuri, anaichanganya hesabu hiyo zaidi. Alijifunza mengi peke yake kutoka katika vitabu, akamwandikia Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, barua kutoka Madras mwaka 1913, na Cambridge ikampa shahada kwa utafiti wake mwaka 1916. Hardy aliyemkaribisha hakuwa na uzamivu. Mnyororo unaotegemea tasnifu unapofika kwa watu hawa huanza kukisia.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba orodha hii haina maana. Fuata mmoja wa minyororo yake mirefu: utatoka vyuo vya Ujerumani, upite Italia, uingie Konstantinopoli, kisha ufike Tabriz, ambako mwishoni mwa karne ya 13 Gregory Chioniades, msomi wa Bizanti, alikwenda kusoma elimu ya nyota kwa Shams al-Din al-Bukhari. Nyuma ya al-Bukhari orodha inamweka Nasir al-Din al-Tusi, aliyeongoza kituo cha kutazama nyota cha Maragha, na nyuma yake Kamal al-Din ibn Yunus wa Mosul. Vipo viungo dhaifu humo, maana zama hizo tasnifu za uzamivu hazikuwapo. Lakini safari ya Chioniades ni ya kweli, na mwanafunzi anayeambiwa kwamba hisabati ilitoka Ugiriki ikaruka moja kwa moja hadi Ulaya ya leo anastahili kuijua.

Kisha kuna Sofia Kovalevskaya, mwanahisabati wa Urusi. Berlin haikuruhusu wanawake kuhudhuria mihadhara, kwa hiyo kuanzia 1870 Karl Weierstrass, profesa wa huko, alimfundisha faraghani, na mwaka 1874 Göttingen ndiyo iliyompa uzamivu. Cheti kina jina la chuo ambacho hakikumfundisha. Hapa nasaba imekitendea haki kile ambacho karatasi imekificha, kwa sababu waliomwandika chini ya Weierstrass walitazama kazi iliyofanyika.

Msomaji wa pwani anayeijua ijaza ataona palipo na pengo. Sheikh anapotoa ijaza hutaja kitabu kilichosomwa na humpa mwanafunzi ruhusa ya kukifundisha, na silsila huonyesha kilipitia kwa nani. Orodha ya Coonce huonyesha mtu na mtu, chuo, mwaka na kichwa cha tasnifu. Haionyeshi ni nini kilichotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kwangu mimi, kabla ya kuongeza majina mengine laki moja, ningetaka kila kiungo kiwekewe aina yake: aliyesaini tasnifu, aliyefundisha kila wiki, aliyejibu barua. Kwa utaratibu huo Pfaff angebaki mahali pake, na Hardy angeandikwa kwa kile alichokifanya hasa: kuisoma barua ya karani wa Madras na kuijibu.