Si pampu, ni chokaa!

Jamani, kuna mafundi wanaudhi. Mashine yangu ya kahawa inasaga buni vizuri, inaunguruma, halafu kikombeni yanadondoka matone matatu na taa nyekundu inaanza kuwaka na kuzima. Nikampelekea fundi. Hata bisibisi hakushika: "Pampu imekufa, leta laki na nusu."

Nikarudi nayo nyumbani, mtaa wa Kisasa, nikaifungua mwenyewe. Pampu ni nzima kabisa! Mrija unaoingia kwenye kichemshio ndio ulioziba, chokaa nyeupe imegandana ndani, ngumu kama ganda la yai. Hapa Dodoma tunatumia maji ya visima vya Makutupora, maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Angalia birika lako la chai ndani, utaona utando uleule. Fundi anayeishi mji huuhuu anakosaje kulijua hilo?

Nilichanganya vijiko viwili vya unga wa asidi ya limau kwenye lita moja ya maji, nikapitisha nusu, nikaacha dakika 20, nikamalizia iliyobaki. Kisha maji matupu, mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka na vipande kama mchanga. Kahawa sasa inatiririka.

Laki na nusu! Hiyo ni ada ya mtoto.