Makupa: bahari imepata njia, magari bado yanasubiri

Ikifika bamvua, siku za maji makuu, simama ukingoni pale Makupa, kisiwa cha Mombasa kinapoungana na bara, utazame chini. Maji yanakimbia baina ya nguzo za daraja kama mto. Saa chache baadaye yanageuka. Kijana aliyezaliwa Changamwe, ng'ambo ya bara, hawezi kushangaa, lakini babu yake hakuwahi kuliona jambo hilo.

Makupa zamani palikuwa kivuko. Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, walipoivamia Mombasa mwaka 1589 walikuja upande huo huo, kwa sababu maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Mwaka 1929 utawala wa Kiingereza ukamwaga mawe na udongo, kisiwa kikaungwa na bara kwa tuta. Watu wakapata barabara ya uhakika, bahari ikafungiwa mlango. Hori la Tudor, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, likaachana na lile la Port Reitz kwa zaidi ya miaka 90.

Agosti 2022, mahali pa tuta lile, yakafunguliwa madaraja mawili pacha, kila moja mita 457, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 4.5. Wanaoyasifu huanza na magari. Mimi ningeanza na maji. Hori lisilopitisha maji hujaa tope, na tope linaua mazalio ya samaki na kamba walioko mikokoni. Hakuna hotuba wala mche wa mkoko uliopandwa mbele ya kamera unaofanya kazi inayofanywa na mkondo mara nne kwa siku, ukijaa na kupwa, bila mshahara.

Ila tusijidanganye. Maji machafu ya mitaa yetu bado yanaingia horini bila kusafishwa. Daraja halijayapunguza hata ndoo moja. Limeyatafutia njia ya kwenda mbali tu.

Na barabara yenyewe? Upanuzi wa kutoka mjini hadi Kwa Jomvu umesaidia, anayekataa hilo hakuwahi kukaa nyuma ya lori la kontena Kibarani saa sita mchana. Ni barabara ya kuelekea Nairobi, tena njia ya magharibi ya kisiwa. Ukiiacha una Nyali upande wa kaskazini na feri ya Likoni upande wa kusini. Lakini barabara hiyo ina watu walioilipia bila kuulizwa. Mei 2015, usiku, tingatinga liliingia Jomvu likabomoa nyumba na vibanda vya zaidi ya familia mia, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Maendeleo ya Afrika iliyofadhili ujenzi. Leo ukipita kwa kasi pale huoni kitu, lami haina alama ya jiko la mtu.

Kasoro nyingine haipo darajani, ipo mbele yake. Kisiwa hakikupanuka. Ukimwaga njia pana kwenye mitaa ile ile ya Mwembe Tayari, kisiwani, umehamisha foleni tu, hujaiondoa. Juzi jioni matatu yetu ililivuka daraja kwa dakika moja hivi, makanga bado anahesabu chenji. Kufika raundabauti ya Makupa tukakwama. Mama aliyekaa karibu na mlango, kikapu cha maembe mapajani, akangoja kidogo, akagonga bodi, akashuka, akaenda zake kwa miguu. Tulimfuata kwa macho mpaka akapotelea sokoni, na sisi tuko pale pale.